Nina mchele, maharage na dagaa, lakini chakula changu hakina ladha. Nifanyeje?

*Swali:* Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 24, nimetoka Mbeya kuja kufanya kazi Dar es Salaam na nimepanga chumba kimoja Mbagala. Nina mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye jiko juu yake, sufuria mbili na flampeni moja. Friji sina. Ndani sikosi mchele, sembe, maharage, dagaa, vitunguu, nyanya, mafuta na chumvi. Nazi na mchicha vipo gengeni. Nikipika nashiba, ila sifurahii. Maharage yananimalizia gesi na bado yanakuwa magumu, mchuzi unakuwa maji ya nyanya, mwisho naishia kununua zege (chipsi mayai) kila jioni. Nianzie wapi bila kununua viungo vya bei? Na wali wa usiku naweza kuula asubuhi?

*Jibu:* Marahaba, mwanangu.

Orodha uliyoniandikia inatosha kabisa. Ongeza ndimu, kitunguu swaumu na kipande cha tangawizi, vitu vya hela ndogo hapo gengeni, na sitakutuma dukani kutafuta viungo vya bei. Shida yako umeitaja mwenyewe ukaipita haraka: mchuzi unakuwa maji ya nyanya. Maharage yaliyopooza, dagaa wanaonuka na mboga isiyo na mbele wala nyuma vyote vinaanzia hapo. Unachemsha vitu pamoja, huviungi.

Najua inavyokuwa mtu akirudi kazini na njaa. Mafuta kidogo, kitunguu ndani, na kabla hakijabadilika rangi nyanya zimeshamwagwa juu yake. Kitunguu kikishakutana na maji ya nyanya hakikaangiki tena, kinachemka tu. Maji yanayochemka hayapiti nyuzi joto 100, na ile rangi ya kahawia pamoja na utamu wake hujitokeza vizuri joto likifika kama nyuzi 140. Kwa hiyo ukiwahisha nyanya umefunga mlango, hata ungechemsha saa nzima. Watu wengi hapo hukimbilia kidonge cha mchuzi. Sina ugomvi na anayekitumia, ila ajue kwamba sehemu kubwa ya kidonge kile ni chumvi, na chumvi unayo.

Sasa fanya hivi. Vitunguu viwili vya wastani, uvikate vyembamba na vilingane, maana vipande vinene vikiwa bado vibichi vile vyembamba vitakuwa vimeshaungua. Mafuta vijiko vitatu vya chakula. Usiyabane hapa, ubane kwingine. Moto wa wastani. Tia vitunguu pamoja na chumvi kidogo, ambayo itavitoa maji mapema vilainike. Dakika tano za kwanza utasikia kelele nyingi na mvuke utapanda: hayo ni maji yake yanatoka. Vitalainika, vitang'aa, na mkono wako utataka kutia nyanya. Uzuie. Baada ya hapo kelele zinapungua, povu la mafuta linakuwa dogo dogo, harufu kali inayochoma macho inaondoka na inakuja nyingine tamu. Kingo zinageuka manjano, kisha kahawia. Vikianza kushika chini, nyunyiza kijiko kimoja cha maji na ukwangue kwa mwiko. Ule utando wa chini usiuache, ladha nyingi imejificha humo. Kwa moto wa jiko lako hesabu dakika 12 hadi 15.

Hapo ndipo kitunguu swaumu na tangawizi vinapoingia, vikiwa vimepondwa, kwa nusu dakika tu. Kitunguu swaumu kikiungua kinakuwa kichungu na hakuna dawa yake. Kama una binzari ya aina yoyote, nayo wakati wake ni huo huo ndani ya mafuta, si baadaye juu ya mchuzi, kwa sababu harufu za viungo hutoka kwenye mafuta kuliko kwenye maji.

Ndipo nyanya. Chukua tatu zilizoiva hasa, zikwaruze kwenye kikwaruzo hadi ganda libaki mkononi, ulitupe. Tia na ukaange, usichemshe: usifunike, usiongeze maji. Zitarukaruka, zitakuwa nzito, rangi itatoka kwenye wekundu wa kupauka na kuwa wekundu uliokoza. Utajua rojo limeiva kwa mambo mawili. Mafuta yanajitenga na kuonekana pembeni. Na ukipitisha mwiko katikati ya sufuria, njia inabaki wazi kwa muda kabla rojo halijarudi kuifunika. Kama njia inajaa papo hapo, bado. Ni dakika nane au kumi.

Rojo hilo ndilo jibu la nusu ya barua yako. Likishakaa sawa, ukitia maharage ni maharage ya kuunga, ukitia dagaa ni rosti ya dagaa, ukivunjia mayai mawili ndani yake na kufunika kwa dakika tano, umepata chakula cha jioni cha kulia na ugali au mkate uliobaki. Hayo mayai nayapenda kuliko zege, na gharama yake ni ndogo.

Utaniambia dakika 25 za kuunga ni gesi. Ni gesi, lakini ni moto wa wastani kwa sufuria ndogo. Na ipo njia ya mkato. Jumamosi kaanga vitunguu vingi, sita au saba, kwenye mafuta ya kutosha mpaka viwe vya kahawia iliyokoza na vikauke, kama vile vya kutilia biriani. Vitoe sekunde chache kabla hujaridhika na rangi, maana huendelea kukolea vikiwa nje. Vichuje, uvitandaze kwenye sahani mpaka vipoe na viwe vikavu vya kuvunjika, kisha uvitie kwenye chupa kavu yenye mfuniko wa kubana. Vinakaa siku kadhaa bila friji ili mradi unyevu usiingie. Katikati ya wiki unachovya mkono, unatia konzi moja kwenye mafuta, nyanya juu yake, na umeokoa robo saa. Mafuta yaliyobaki nayo usiyamwage, yameshanukia. Yatumie siku mbili tatu zinazofuata. Ila rojo lenyewe la nyanya usilihifadhi bila friji, na kitunguu swaumu kibichi usikiloweke kwenye mafuta ukakiacha kabatini. Kipo kijidudu kinachoota mahali pasipo na hewa, na sumu yake ni ya kuua.

Tuje kwenye maharage, maana ndiyo yanayokula mtungi wako.

Ushauri wangu wa kwanza utakushangaza: siku za kazi usipike maharage. Maharage ni ya Jumamosi au Jumapili, ukiwa nyumbani. Ya pili, huenda hayo unayonunua ni ya zamani. Maharage yakikaa miezi mingi mahali penye joto na unyevu, na Dar es Salaam ina vyote viwili, hubadilika ndani na kuwa ya aina isiyoiva, utachemsha mchana kutwa. Muulize muuzaji yaliyoingia karibuni. Yaangalie: yaliyokunjamana, yaliyokoza rangi isivyo kawaida au yenye vitundu vya wadudu yaache. Ukipata ya njano, chukua hayo. Kwa kawaida huiva upesi kuliko mekundu makubwa.

Usiku wa Ijumaa yaloweke kwenye maji mengi, na kwenye hayo maji utie chumvi, kama kijiko kimoja cha chakula kwa lita mbili. Najua umelelewa ukiambiwa chumvi hukaza maharage. Kwenye maji ya kulowekea kazi yake ni kinyume: inalegeza ganda, kwa sababu inachukua nafasi ya madini ya kalsiamu yanayolishikilia. Kinachokaza maharage kweli ni vitu vichachu. Nyanya, ndimu na ukwaju vikiingia kabla hayajaiva, yatabaki na moyo mgumu. Nadhani na wewe hutupia nyanya mapema ili viive pamoja. Acha.

Asubuhi mwaga yale maji, suuza, weka maji mapya yayapite kwa vidole viwili, funika, chemsha. Yakishaanza kutokota kwa nguvu yaache hivyo dakika 15 hadi 20 kamili. Hili usilifupishe, hasa kwa maharage mekundu, kwa sababu mabichi yana sumu ya asili inayotapisha vibaya, na haivunjwi na moto wa chini chini. Inataka mchemko wa nguvu, angalau dakika kumi. Baada ya hapo zima gesi. Usifunue. Funga sufuria na mfuniko wake ndani ya taulo au khanga mbili nzito, itumbukize kwenye boksi ulilojaza mablanketi, na mto juu yake. Kafue nguo. Baada ya saa tatu au nne maharage yatakuwa yameiva kwa joto lake yenyewe, au yamebakiza kidogo. Yarudishe jikoni yachemke tena vizuri mpaka yalainike sawasawa, ndipo uyaunge. Sufuria iwe imejaa kiasi, kwa sababu kikombe kimoja cha maharage kwenye sufuria kubwa hupoa upesi.

Na hata usipotumia boksi, kumbuka kwamba maji yakishachemka, kuongeza moto hakuongezi joto, kunaongeza mvuke tu. Punguza mpaka yacheze taratibu chini ya mfuniko. Tena wewe wa Mbeya unayo nafuu hapa bila kujua. Kule kwenu juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo, ndiyo maana sufuria ya maharage ya nyumbani ilikaa jikoni tangu asubuhi. Huku pwani ni nyuzi 100 kamili, na yanawahi.

Magadi? Yanalainisha, ni kweli, ila yanaharibu vitamini B1 na ukizidisha maharage yanakuwa na utelezi na ladha ya sabuni. Ncha ya kijiko kwa maharage sugu, basi.

Kuunga maharage: rojo likiwa tayari, tia upawa mmoja wa maharage peke yake, uyaponde kwa mgongo wa mwiko mpaka yawe uji mzito, ndipo umimine mengine pamoja na supu yake. Yale yaliyopondwa ndiyo yanayoushika mchuzi usitengane ukawa maji juu na punje chini. Chemsha kidogo kidogo dakika kumi. Ukipenda tui, tui zito liingie mwisho, moto mdogo, ukikoroga bila kuacha mpaka litokote kidogo. Likichemka kwa nguvu litakatika, utaona chenga na mafuta vinaelea. Onja chumvi. Epua, ndipo ukamulie ndimu nusu. Kuna siku utaonja chakula chako ukaona kimepungukiwa kitu usichokijua, ukaongeza chumvi na bado. Mara nyingi kilichopungua ni uchachu.

Siku za kazi, badala ya maharage weka choroko ndani. Wasomaji wa Kenya, nazisema ndengu. Hazihitaji kulala kwenye maji. Zikiwa nzima huiva kwa nusu saa au zaidi kidogo, na ukiziloweka asubuhi unapoondoka zinawahi zaidi. Zilizoparazwa ni za haraka kuliko zote, na kwa mtu mwenye jiko moja zinampa chakula ambacho mimi ningekula kila wiki: mseto.

Mseto ni wali na choroko sufuria moja, na watu wa pwani wanaupika tangu zamani kwa siku ya uvivu na kwa mgonjwa. Kikombe kimoja cha mchele, nusu kikombe cha choroko zilizoparazwa (hicho ni cha watu wawili, ukiwa peke yako tumia nusu ya kila kipimo). Osha vyote, choroko zichague vijiwe. Kuna nazi: kama huna mbuzi ya kukunia, gengeni au sokoni wapo wanaokukunia hapo hapo, na nazi ambayo haijavunjwa inakaa muda mrefu bila friji, itikise tu kabla ya kununua usikie maji ndani. Kamua tui zito la kwanza, kama robo tatu ya kikombe, uliweke kando. Ongeza maji ya uvuguvugu kwenye chicha, kamua tui la pili, vikombe vitatu na nusu. Tui la pili libandike na choroko na kitunguu kibichi kilichokatwa. Baada ya dakika kumi tia mchele na chumvi. Funika, moto mdogo, koroga mara moja moja ili zisishike chini. Punje zikishalainika na maji yakikaribia kukauka, mimina tui zito, upondeponde kwa mwiko, sio kuwa bokoboko, uonekane mchele bado. Funika tena dakika tano kwa moto ulioushusha mpaka mwisho.

Mseto wenyewe ni mpole, unataka kitu chenye ukali pembeni. Hapo weka kachumbari: kitunguu chembamba ukifikiche na chumvi na ukisuuze kuondoa ukali, nyanya, pilipili, ndimu. Au dagaa wa kukaanga. Ukila mseto na dagaa wakavu wenye ndimu na pilipili, zege utaisahau wiki nzima.

Kwa hiyo dagaa. Inategemea unanunua wa wapi. Wa Kigoma wanatoka Ziwa Tanganyika na huwa bei juu. Wa Mwanza ni wa Ziwa Victoria, wadogo zaidi, na mara nyingi huanikwa ufukweni, ndiyo maana wanakuja na mchanga. Chakula kile kile, kazi tofauti. Wa Mwanza wanataka kuoshwa maji ya uvuguvugu mara tatu au nne, na usimwage maji pamoja nao: wainue kwa mkono, mchanga ubaki chini ya bakuli. Wa Kigoma mara mbili inatosha. Wale wakubwa waondoe vichwa na utumbo. Uchungu wa dagaa unatoka kwenye utumbo. Miiba waache, ndiyo kalsiamu yako.

Harufu inayokuudhi inatokana na kuwapika wakiwa wabichi kwenye nyanya. Baada ya kuwaosha wakamue, uwatandaze kwenye flampeni kavu isiyo na mafuta, moto wa wastani, uwageuze. Mwanzo watatoa mvuke na harufu itajaa chumba, fungua dirisha. Endelea. Baada ya dakika chache mvuke unaisha, na ukitikisa flampeni wanagonga kwa sauti kavu. Sasa tia mafuta vijiko viwili na uwakaange mpaka wang'ae na kumeguka mkononi. Watoe. Katika flampeni hiyo hiyo tengeneza rojo, kitunguu kiwe kingi kuliko nyanya, pilipili hoho ukiwa nayo. Dagaa warudi mwisho kabisa, wageuzwe dakika mbili na ndimu, waepuliwe kabla hawajanywa mchuzi wote na kulegea. Chumvi onja kwanza, wengine wanakuja nayo.

Mboga za majani sitazungumza sana. Mchicha, matembele, chainizi: osha kabla ya kukata, usitie maji maana zinayo yake, moto mkubwa, usifunike, dakika nne au tano, epua zikiwa bado kijani. Mchicha wa karanga ni jambo lingine, ni mlo kamili. Karanga zilizotwangwa zikoroge kwanza na maji ya baridi zisifanye madonge, zichemke juu ya rojo kama robo saa ukikoroga chini, maana zinashika upesi kuliko kitu chochote ninachokijua jikoni, ndipo mchicha uingie. Ila karanga zichague. Zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye ladha chungu zitupe, usijifariji kwamba moto utasafisha. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Unga unaonuka ukungu nao usiusonge.

Na kisamvu, kwa kuwa najua utakiona gengeni: kibichi kina sumu ya sianidi, kitwangwe vizuri na kichemke muda mrefu, mwanzoni bila mfuniko. Kwa gesi ya kilo 6 mimi nisingehangaika nacho. Hicho mwachie mama lishe anayepika kwa mkaa.

Ugali wa sembe hujauliza, lakini nitakudokeza moja. Watu wengi wanaukimbiza. Maji yakipata moto, koroga unga kidogo uliovurugwa kwa maji baridi, upate uji, na uuache huo uji uchemke dakika nne au tano kabla hujaongeza unga wa kusongea. Ukimaliza kusonga funika dakika mbili kwa moto mdogo. Ugali unaonuka unga mbichi ni ule ulioruka hatua hiyo ya uji.

Kiporo sasa. Natamani nikwambie unachotaka kusikia, kwa sababu wali wa jana na chai ya rangi ni chakula kizuri. Lakini kwenye mchele kuna kijidudu ambacho mbegu zake haziuliwi na kuchemka. Wali ukikaa na uvuguvugu wa chumba cha Mbagala usiku mzima, mbegu zinaamka, zinazaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo ukiipasha moto asubuhi haivunjiki. Wengi wamekula viporo wakiwa wazima. Wengine wametapika mpaka wakaishiwa maji. Kanuni ya usalama ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika joto la chumba zaidi ya saa mbili, na kukiwa na joto kali isizidi saa moja. Bila friji, pima: nusu kikombe cha mchele mkavu, au robo tatu ukiwa na njaa, vinamtosha mtu mmoja. Wali wa nazi na mseto usivilaze hata kidogo, tui linachacha mapema kuliko chochote. Kama unataka chakula cha mchana cha kubeba kazini, nunua hotpoti ndogo nzuri, ichemshie maji ndani kwanza ipate moto, imwage, ndipo utie chakula kikiwa kinafuka, asubuhi hiyo hiyo.

Asubuhi penyewe, badala ya kiporo pika chapati za maji. Unga wa ngano kikombe kimoja, yai moja, maji kikombe kimoja au pungufu kidogo, chumvi, na konzi ya vile vitunguu vyako vya Jumamosi. Koroga, uache dakika kumi wakati unaoga, kisha mimina upawa mmoja mmoja kwenye flampeni iliyopakwa mafuta. Chapati ya kwanza hukataa kutoka kwa sababu chuma hakijapata moto wa kutosha. Ya pili inakuwa sawa.

Ukipata pesa ya ziada usianze na friji, anza na sufuria ya presha. Ndani yake joto linapanda mpaka karibu nyuzi 115 hadi 120, na maharage yaliyolowekwa yanaiva kwa dakika 20 au 25 badala ya saa moja na nusu, kwa hiyo hata siku ya kazi utayamudu. Usiijaze maharage na maji kupita nusu, yanatoa povu linaloziba tundu la mvuke. Tia kijiko cha mafuta kupunguza povu hilo, na usilazimishe mfuniko kabla mvuke haujaisha wenyewe. Ukiwa unachagua, tafuta ile ambayo mpira wa mfuniko unauzwa peke yake pale Kariakoo, kwa sababu mpira ndio unaotangulia kuchoka.